Vifaa vya Kushika na Sauti za Kiswahili: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kusoma kwa Watoto Wadogo katika Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Wanafunzi na walimu wa idara zetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ipo hata hivyo matini moja ambayo kila msomaji wa Kiswahili huipitia kabla hajaifikia riwaya yoyote, nayo ni nadra kuangaliwa kwa jicho la uhakiki. Matini hiyo ni seti ya herufi anayopewa mtoto wa chekechea aishike mkononi: kadi za kadibodi, vibao vya seremala, herufi za plastiki, vizibo vya chupa vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, au herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa ili kidole kizifuate. Makala haya yanakusudia kuvisoma vifaa hivyo kama matini nyingine yoyote, yaani kuuliza vimeandikwa kwa lugha gani, vimemchukulia msomaji wake kuwa nani, na vinampeleka wapi.

Hoja yetu ni kwamba thamani ya kifaa cha kushika haiko katika kushikwa kwake. Iko katika namna kinavyoigawa lugha. Kifaa kinachokigawa Kiswahili mahali ambapo Kiswahili chenyewe hujigawa kitamsaidia mtoto hata kama kimetengenezwa kwa katoni ya sabuni. Kile kinachokigawa mahali ambapo Kiingereza hujigawa kitamchelewesha, hata kama kimenunuliwa kwa bei kubwa na kupakwa rangi za kupendeza. Tutadai kwamba vifaa vingi tulivyovirithi ni vya aina hiyo ya pili, na kwamba sehemu ya lawama inatuangukia sisi wanaisimu.

Tumechagua miji ya Thika na Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, kwa sababu tatu. Kwanza, watoto ni wengi na wanaongezeka kwa kasi: kwa mujibu wa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000, takriban mara mbili ya wale wa 2009, na Thika zaidi ya 250,000. Pili, wakazi wa miji hii wamechanganyika. Wasemaji wa Kikuyu ndio wengi, lakini viwanda, mashamba ya kahawa na ya mananasi, na nyumba za kupanga kando ya barabara kuu ya Nairobi vimewaleta Wakamba, Waluhya, Wajaluo na wengineo. Tatu, eneo hili si geni kwa majaribio ya ufundishaji wa kusoma. Kiambu ilikuwa miongoni mwa kaunti za mradi wa PRIMR, ulioendeshwa kati ya 2011 na 2014, ambao ulizaa mpango wa kitaifa wa Tusome kuanzia 2015.

2. Seti ya Vipande Ishirini na Sita

Tuanze na kifaa cha kawaida kabisa: seti ya alfabeti yenye vipande 26, kila herufi ikiwa na kipande kimoja. Mtazamaji anaweza kudhani kwamba seti hiyo haina lugha, kwamba ni herufi tu za Kirumi ambazo zinatumiwa na Mwingereza na Mswahili kwa usawa. Dhana hiyo haistahimili jaribio dogo. Mtoto na aambiwe aandike kwa vipande hivyo neno la kwanza analolijua, mama. Hataweza. M ni moja, na a ni moja. Aandike baba, kaka, dada: hataweza. Kiti kinahitaji i mbili, samaki a mbili, na kalamu vilevile. Hapohapo mwenzake anayejifunza Kiingereza ataandika cat, dog, pin, sun na bed bila kupungukiwa na kipande.

Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu. Hivyo haiwezekani kwenda mbali bila kuirudia mojawapo. Maneno mafupi ambayo Mwingereza huanza nayo ni ya silabi moja iliyofungwa kwa konsonanti, na aghalabu hayarudii herufi. Seti ya vipande 26 imebuniwa kwa mtoto wa aina hiyo. Hata majina ya miji yetu yanaidhihirisha kasoro hii: mtoto wa Thika anaweza kuliandika jina la mji wake kwa seti hiyo, lakini mtoto wa Ruiru hawezi, kwa kuwa linahitaji r mbili na u mbili.

Zaidi ya upungufu huo upo ziada. Q na x hazina kazi katika tahajia ya Kiswahili Sanifu, na c haitumiki pasipo h. Mtoto anapewa vipande viwili ambavyo hatavitumia, ananyimwa a ya pili ambayo ataihitaji katika karibu kila neno, kisha sisi tunashangaa anapochoka na mchezo.

3. Njia Iliyopitiwa na Kifaa

Yafaa tukumbuke asili ya vifaa hivi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, na herufi za msasa pamoja na alfabeti ya vipande vinavyohamishika zilikuwa sehemu ya mafundisho yake. Lugha iliyofundishwa ilikuwa Kiitalia: lugha ya irabu nyingi, ambayo maneno yake mengi huishia kwa irabu, na ambayo tahajia yake hufuata matamshi kwa ukaribu. Irabu zilipewa rangi moja na konsonanti rangi nyingine. Kwa ufupi, kifaa hiki kilizaliwa katika lugha ambayo kwa umbo la silabi na kwa uaminifu wa tahajia ni jirani ya Kiswahili kuliko ilivyo jirani ya Kiingereza.

Hata hivyo, hatukukipokea kutoka Roma. Kilitufikia kupitia mlango wa Kiingereza, baada ya kurekebishwa ili kukabiliana na matatizo ya Kiingereza: irabu zinazobadilika kutoka neno hadi neno, konsonanti zisizotamkwa, na maneno yasiyosomeka kwa kanuni. Marekebisho hayo yana maana kwa Mwingereza. Kwetu ni dawa ya ugonjwa ambao hatuna.

Mfano mzuri ni utaratibu maarufu wa kuanza na herufi s, a, t, i, p, n. Wengi wameukataa wakidai kwamba haufai kwa Kiswahili. Hapa inatubidi tuwe waangalifu, kwa maana herufi zenyewe hazina kosa. Kwa hizo sita twaweza kuunda pata, pita, tisa, sita, pasi, taa, saa, pia, sisi na nini. Tatizo liko katika muungano unaofundishwa. Mtoto aliyezoeshwa kuunganisha s-a-t na p-i-n anafundishwa kuitafuta konsonanti ya kufungia. Akikutana na pita, huunganisha p-i-t kwanza, kisha a hubaki peke yake kama yatima. Mwalimu humwona mtoto akikwama na kufikiri kwamba hajui sauti, kumbe sauti anazijua zote nne. Asilolijua ni mahali pa kukata.

Inaweza kujibiwa kwamba masikio ya mtoto wa Ruiru si mageni kwa silabi funge, kwani husikia Kiingereza na Sheng' kila siku, na Kiswahili chenyewe kimepokea daktari na maktaba. Ni kweli. Lakini daktari si neno la wiki ya kwanza. Kanuni ifundishwe kwanza, na yanayoivuka yafuate.

4. Herufi Mbili, Sauti Moja

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi. Kiswahili kina sauti zinazowakilishwa kwa herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny, na ng' yenye kibainishi. Seti inayotoa herufi mojamoja humlazimisha mtoto kuziunda sauti hizi kwa kuweka vipande viwili kando kwa kando, huku amefundishwa kwamba kila kipande kina sauti yake. Akitamka s, halafu h, hafikii sh kamwe. Njia pekee aliyo nayo ni kukariri, na kukariri ndiko tulikotaka kukuepuka tulipomletea vifaa vya kushika.

Chati za ukutani zinazoambatana na vifaa hivi huongeza utata zinapofuata mtindo wa herufi moja kwa picha moja. Chini ya n huwekwa ndizi au ng'ombe au nyumba. Chini ya s huwekwa shoka. Chini ya c, chura. Tukizichunguza picha hizo kifonolojia, hakuna hata moja inayoanza kwa sauti inayodaiwa. Ndizi huanza kwa kipasuo chenye unazali, ng'ombe kwa nazali ya kaakaa laini, nyumba kwa nazali ya kaakaa gumu. Mtoto mwenye sikio zuri ndiye atakayetatizika zaidi, kwa kuwa ndiye atakayeisikia tofauti. Nanasi, ambalo liko tele Thika, lingetosha.

Kwa mintarafu hii yafaa tuwakumbuke watoto wasioona. Thika ina shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na kwa mtoto asomaye Breli kidole ndicho jicho. Katika Breli isiyo na vifupisho, kidole hukutana na n kabla hakijajua kama itafuatwa na y, na d, au na irabu. Msomaji huyo hawezi kuutupia macho umbo zima la neno, analazimika kungoja. Anatufundisha kwamba hata kwa mtoto aonaye, kuisoma ny ni kujifunza kungoja. Kifaa kizuri humwondolea mwanafunzi wa mwanzo ungojaji huo kwa kumpa ny kama kitu kimoja.

5. Majina Mawili ya Miji

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba mtoto huja darasani na Kiswahili peke yake. Katika Thika na Ruiru sivyo ilivyo. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 hadi Mtaala wa Umilisi ulioanza kujaribiwa 2017 na kusambazwa nchini 2019, sera imependekeza lugha ya eneo itumike katika miaka ya mwanzo, na mahali palipochanganyika watu Kiswahili hutarajiwa kuishika nafasi hiyo. Aghalabu, hata hivyo, mtoto wa chekechea ya kulipia hukutana na herufi kwa Kiingereza kwanza, akiziita ei, bii, sii. Huambiwa baadaye kwamba kwa Kiswahili ni a, be, che. Na nyumbani au kanisani huziona katika maandishi ya Kikuyu.

Ni maandishi haya ya tatu ambayo watengenezaji wa vifaa huyasahau. Tuyatazame majina ya miji yenyewe. Thika huandikwa kwa th, lakini Mkikuyu huitamka sauti hiyo kama dh ya Kiswahili, kwa kuwa ndivyo th inavyosomwa katika tahajia ya Kikuyu. Mtoto anayeliona jina hilo kila siku kwenye mabao ya magari na ya maduka ameshafundishwa na mji wake kwamba th ni dh. Akisoma thelathini kama dheladhini, hajakosea kwa uzembe. Ametumia kanuni sahihi ya lugha nyingine. Ruiru nayo, katika tahajia ya Kikuyu, ni Rũirũ, na ũ hiyo hukaribia o. Maandishi rasmi huiondoa alama, na mtoto hubaki na herufi moja yenye thamani mbili.

Kuna zaidi ya hayo. G ya Kikuyu hutamkwa kama gh ya Kiswahili, kwa hiyo gari huwa ghari. C yake hukaribia sh. D isiyotanguliwa na nazali haimo katika sauti za asili za Kikuyu. Irabu zake ni saba, si tano. Mambo haya yamo katika maelezo ya kiisimu ya tangu zamani, na mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili huulizwa juu yake katika mtihani. Lakini hayajaingia katika sanduku la vizibo vya chupa. Mwalimu huachwa arekebishe matamshi ya mtoto kwa kumkaripia, ilhali kadi mbili zilizowekwa pamoja, moja ya thamani na moja ya dhahabu, zingeyaeleza yote kwa utulivu, na lugha ya nyumbani isingetiwa aibu.

6. Silabi na Mipaka Yake

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kurudi kwa ba, be, bi, bo, bu ya wazee wetu. Njia hiyo ina mantiki ya lugha ndani yake. Hata chuoni, pwani ya Waswahili, mtoto aliyejifunza herufi za Kiarabu juu ya ubao alizisoma pamoja na irabu zake, si konsonanti tupu. Na ilipoonekana kwamba hati hiyo haizitoshi sauti za Kiswahili, mwanazuoni wa Mombasa wa karne ya 19, Mwalimu Sikujua, aliirekebisha ili ziandikike. Hakuwalazimisha Waswahili waibadili lugha kwa ajili ya hati. Katika siku zetu, tathmini za Uwezo zilizoanza 2009 zimekipima Kiswahili kwa kuanzia na silabi, na Kiingereza kwa kuanzia na herufi, jambo linaloonyesha kwamba wapimaji waliielewa tofauti ambayo watengenezaji wa vifaa hawajaielewa.

Lakini silabi peke yake haitoshi. Darasa linaloimba ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja laweza kuimba hivyo mwaka mzima bila mtoto kutambua kwamba b ndiyo inayobaki na irabu ndiyo inayobadilika. Mtoto wa namna hiyo hujua wimbo, naye huona bu ikiwa peke yake akaanza kuimba tangu ba ili aifikie. Zaidi ya hayo, jedwali la silabi halina mahali pa m ya mtu, mti na mtoto. M hiyo ni silabi kamili isiyo na irabu, na inapatikana katika ngeli ya watu, yaani katika maneno ambayo mtoto huyahitaji mapema. Mtoto wa Kikuyu au wa Kikamba, ambaye lugha yake huweka irabu mahali hapo, husoma mutu na mutoto; na jedwali lenye ma, me, mi, mo, mu linamthibitishia kosa lake.

Tuseme basi kwamba sauti na silabi hazishindani. Sauti ndiyo malighafi, silabi ndiyo hatua ya kwanza ya kuvuna. Mtoto ajue m na ajue a, lakini asikawizwe hapo. Siku hiyohiyo aunde ma, na siku hiyohiyo aipate mama.

Hali hii inagusa hata upimaji. Viwango vya ufasaha vilivyotumika nchini tangu kipindi cha PRIMR vimemtaka mtoto asome maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Asiyejua isimu anaweza kudhani kwamba Kiswahili kimedharauliwa. Sivyo. Neno ninakipenda limebeba kiima, njeo, yambwa na kitenzi. Mwingereza huhitaji maneno matatu. Waliovitenganisha viwango hivyo walikiri kwamba neno si kipimo kilekile katika lugha zote mbili. Tunachodai hapa ni kwamba kukiri huko kushuke hadi kwenye kadi ya chekechea.

7. Seti Inayopendekezwa

Uhakiki usiopendekeza lolote ni nusu ya kazi. Tunapendekeza seti yenye aina 37 za vipande. Irabu ni tano, kwa rangi yake. Konsonanti za herufi moja ni 18. Konsonanti za herufi mbili, ch, sh, th, dh, gh, ny na ng', ni saba, kila moja ikiwa kipande kimoja kisichotengana. Konsonanti zenye unazali, mb, mv, nd, nj, ng na nz, ni sita, nazo vilevile ni vipande visivyotengana. Kipande cha 37 ni m ya silabi, iliyotiwa alama yake ili isichanganywe na m ya mama. Miungano kama mw, kw na bw iundwe na mtoto mwenyewe kwa kuvileta vipande pamoja, kwani hapo sauti zote mbili husikika.

Idadi ya nakala isilingane. A iwe na nakala sita au zaidi, irabu nyingine nne nne, na konsonanti mbili mbili. Utaratibu wa kufundisha uanze na irabu zote tano, kisha m, k, t, n, l na w, ambazo licha ya kuzaa maneno mengi hubeba viambishi vya ngeli na vya vitenzi. Kwa hizo mtoto ataandika kaka, maua, kiti, watu, na hata sentensi nzima: kaka analima. Q na x zingoje somo la Kiingereza.

Seti hii haihitaji kiwanda. Fundi wa jua kali anaweza kuikata kwa mbao, na mwalimu anaweza kuiandika juu ya vizibo. Jambo hili lina uzito wa pekee leo. Tusome ilimpa kila mtoto kitabu chake, na hilo lilikuwa tendo kubwa. Lakini mpango ule ulitegemea ufadhili wa nje, na shirika lililoufadhili, USAID, lilifungwa mwaka 2025. Mwalimu aliyebaki na kadibodi na mkasi anahitaji kujua akate nini.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kifaa cha kushika si chombo kisicho na upande. Kimebeba nadharia ya lugha, na nadharia hiyo inaweza kuwa ya lugha nyingine. Mtoto wa Ruiru anayeshindwa kuunda neno mama kwa vipande 26 hana njia ya kujua kwamba kosa ni la vipande. Atadhani ni lake, na mwalimu atadhani hivyo hivyo, na kadi ya ripoti itasema hivyo hivyo. Kwa miaka mingi tumekuwa na maelezo ya kutosha juu ya silabi, nazali na mifumo ya sauti ya lugha zetu. Maelezo hayo yamekaa katika tasnifu, na chekechea zimeachiwa wauzaji. Ingefaa kila idara inayofundisha fonolojia ya Kiswahili iwadai wanafunzi wake, pamoja na insha yao ya mwisho, seti moja ya herufi iliyojaribiwa katika darasa la watoto wa miaka mitano. Seti hiyo ndiyo itakayotuonyesha kama tumeielewa fonolojia tunayoifundisha.